Oda Moja, Mabakuli Mawili

Wajapani wana msemo wao wa zamani: mtu wa Kyoto hufilisika kwa mavazi, mtu wa Osaka hufilisika kwa kula. Wenyewe wanaita kuidaore, yaani kula mpaka uanguke. Na usidhani ni tusi. Watu wa Osaka wanajivunia kabisa. Mwaka 1949 kuna mgahawa ulifunguliwa mtaa wa Dotonbori ukapewa jina hilohilo, na mlangoni ukawekwa mwanasesere wa nguo za mistari anayepiga ngoma. Mgahawa ulifungwa Julai 2008, lakini mwanasesere bado yuko Dotonbori mpaka leo na watu wanasubiri zamu kupiga naye picha.

Huo ndio mji ulionichukulia mume wangu.

Aprili 2022 shemeji yenu alikwenda Osaka kusoma shahada ya uzamili kwa ufadhili wa serikali ya Japani. Mimi nikabaki Dar es Salaam na mtoto wetu wa miaka mitatu, kazi yangu na kodi ya nyumba. Kuanzia hapo tukawa watu wa ndoa ya simu. Wengi wenu mnaijua ndoa hii: "Umekula?" "Mtoto kalala?" "Mtandao unakatakata, tuongee kesho." Kesho yake maswali ni yaleyale. Tofauti ya saa sita nayo haisaidii, maana mimi nikitoka kazini yeye anapiga miayo.

Novemba 2023 nilipata likizo ya siku kumi nikaenda kumwona. Kulikuwa na jambo moja tulikuwa tunalizunguka. Kampuni moja ya huko ilitaka kumwajiri kwa miaka mitatu atakapohitimu. Kila tukianza kuliongelea kwenye simu, mmoja wetu anasema, "Tutaongea ukija." Haya, nikaja. Siku nne zikapita, hakuna aliyeligusa. Tukawa kama wageni waheshimiwa ndani ya chumba kimoja: karibu, asante, samahani. Jumamosi akaniambia, "Mama, vaa viatu vya kutembelea. Leo nakupeleka Minami."

Kusini mwa mji, upande wa kulia

Osaka ina mioyo miwili. Kuna Kita, yaani kaskazini, eneo la Umeda lenye majengo marefu na maofisi. Halafu kuna Minami, yaani kusini: Namba, Shinsaibashi, Dotonbori. Huko ndiko kwenye maduka, taa, kelele na harufu ya kila kitu kinachokaangwa. Ukitaka mfano wa karibu, chukua Kariakoo ya sikukuu, iwekee paa, ifagie mpaka ing'ae, kisha iwashie taa za rangi zote.

Tulikwenda kwa treni ya chini ya ardhi, ile njia ya Midosuji yenye alama nyekundu, inayofanya kazi tangu mwaka 1933. Tuliposhuka kituo cha Shinsaibashi, kwenye ngazi za umeme nikasimama kushoto. Shemeji yenu akanivuta mkono taratibu. "Huku tunasimama kulia," akasema. "Tokyo ndio wanasimama kushoto. Sisi kulia."

Sisi.

Jamani, neno dogo kama hilo linaweza kumfanya mtu asahau kushuka kwenye ngazi. Mwaka mmoja na nusu tu, na mwenzangu tayari ana "sisi" ambayo mimi simo. Sikusema kitu. Nikaliweka moyoni, tukaendelea.

Mitumba ya bei mbaya

Alinianzishia mtaa unaoitwa Amerikamura, maana yake kijiji cha Marekani. Miaka ya 1970 maghala ya eneo hilo yalianza kugeuzwa maduka ya nguo za mtumba na santuri kutoka Marekani, vijana wakapafanya maskani yao. Mpaka leo wanakaa kwenye kibustani chenye umbo la pembetatu, wamevaa wanavyojisikia, nywele za rangi zote.

Mimi ni mtoto wa Karume, mitumba hainitishi. Nikaingia kwa kujiamini. Nikaona jaketi la jinzi lililopauka, ambalo kwetu ukiamka mapema siku ya kufungua robota unalipata kwa bei ya chakula cha mchana. Hapo limeandikwa yeni 6,000! Kwa siku ile ilikuwa karibu shilingi laki moja. Tena limenyooshwa, limetundikwa peke yake kama picha ya mfalme. Nikamwangalia mwenzangu, naye akaniangalia, tukacheka mpaka muuzaji naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka tangu nifike. Nawaambieni, acheni kuponda matembezi ya madukani. Kitu kikiwa cha ajabu mbele yenu wote wawili, mnajikuta tena upande mmoja.

Kutoka hapo tukavuka barabara kubwa ya Midosuji, miti yake ya ginko imegeuka njano, tukaingia Shinsaibashi-suji. Huu ni mtaa wa maduka wenye paa juu, urefu wake kama mita 600, mvua inyeshe isinyeshe biashara inaendelea. Umekuwa wa wafanyabiashara tangu enzi na enzi. Daimaru, lile duka kubwa la ghorofa, lilifunguliwa hapo mwaka 1726 kama duka la vitambaa. Jengo lake la 1933 lilisanifiwa na Mmarekani, William Merrell Vories, na lilipojengwa upya na kufunguliwa 2019 waliubakiza uso wa zamani kwa nje. Mimi nilisimama kila mlango. Shemeji yenu, ambaye zamani alikuwa ananisubiri nje ya duka akichezea simu, safari hii aliingia na mimi, akawa ananitafsiria bei na saizi.

Akanifundisha pia salamu ya zamani ya wafanyabiashara wa Osaka: "Mokarimakka?" Maana yake, unapata faida? Unajibu, "Bochi bochi denna," yaani kiasi tu, hatujambo. Nikamwambia hiyo ndiyo "biashara vipi?" ya kwetu, na jibu lake "tunasukuma siku". Tofauti iko wapi?

Daraja la kuopolea

Mtaa huo unakutoa moja kwa moja kwenye daraja la Ebisubashi, juu ya mfereji wa Dotonbori. Hapo ndipo utaona lile bango maarufu la kampuni ya peremende ya Glico: mwanariadha amenyoosha mikono juu, anamaliza mbio. La kwanza liliwekwa mwaka 1935. Lililopo sasa ni la sita, liliwashwa Oktoba 2014. Kila mtu darajani ananyoosha mikono na kuinua mguu mmoja kumwigiza. Wazee, watoto, maharusi, wote. Hatua chache mbele kuna kaa wa kutengenezwa, mkubwa kama Hiace, ametundikwa juu ya mgahawa anachezesha miguu.

Mfereji wenyewe una kisa. Ulianza kuchimbwa 1612 na mfanyabiashara aliyeitwa Doton. Vita ya kugombea ngome ya Osaka ikamuua kabla haujaisha. Ulipokamilika 1615 ukapewa jina lake. Aliyeuanza hakuuona.

Daraja nalo lina jina la mtaani, Hikkake-bashi, yaani daraja la kunasia. Vijana wa kiume wamezoea kusimama hapo kuwasemesha wasichana wanaopita. Kwa Kiswahili cha vijiweni tungeliita daraja la kuopolea. Nikamuuliza shemeji yenu, kwa sauti ya utani ambao haukuwa utani, "Na wewe umeshaopoa wangapi hapa?"

Hakukasirika. Akasema, "Miezi ya mwanzo nilikuwa nakuja hapa Jumamosi, nakaa ukingoni. Si kuopoa. Nilikuwa nataka kusikia kelele. Chumbani kulikuwa kimya mno."

Hilo hakuwahi kuniambia kwenye simu. Kwenye simu alikuwa "mzima, namshukuru Mungu".

Siku zile daraja lote lilikuwa rangi ya njano na nyeusi, maana timu ya besiboli ya eneo hilo, Hanshin Tigers, ilikuwa imetoka kuchukua ubingwa wa Japani Novemba 5, na polisi walimwagwa kuzuia watu wasijirushe majini. Mara ya mwisho kuuchukua ilikuwa 1985. Mwaka ule mashabiki walikuwa wanaita jina la mchezaji mmoja mmoja, na anayefanana naye anajirusha mferejini. Ilipofika zamu ya Mmarekani Randy Bass, mwenye ndevu, hakuonekana wa kufanana naye, basi wakaichukua sanamu ya Kanali Sanders kutoka mgahawa wa KFC wakaitupa majini. Timu ikakaa miaka na miaka bila ubingwa, watu wakasema ni laana ya Kanali. Sanamu iliopolewa kwenye tope Machi 2009, na ubingwa ukaja 2023. Miaka 38! Nikamwambia mwenzangu, kumbe kuna watu wanasubiri kuliko mimi. Safari hii tulicheka kidogo tu.

Vitumbua vya pweza

Dotonbori huwezi kupita bila kula takoyaki, chakula kilichozaliwa Osaka miaka ya 1930. Ukiviona tu, mtu wa pwani unajua: hivi ni vitumbua! Kikaango ni kilekile cha vishimo, wanamimina uji wa unga wa ngano, wanatumbukiza kipande cha pweza katikati, kisha wanavigeuza kwa kijiti chenye ncha, haraka kuliko macho yako. Juu wanapaka sosi na mayonezi, halafu wananyunyiza samaki mkavu aliyekwanguliwa mwembamba kama karatasi. Kwa mvuke ule, samaki anacheza. Shemeji yenu akanong'ona kwamba huku pweza wanampa hata mtoto mdogo, hakuna anayesema habari za supu ya jioni na nguvu za nani. Wenye kuelewa wameelewa.

Onyo: usikitie chote mdomoni. Nje kimepoa, ndani ni moto wa kuotea mbali.

Tukiwa tumekaa pembeni tunapuliza, mama mmoja wa makamo mwenye blauzi ya chui akatusogelea, akasema maneno mengi, akafungua pochi akanipa peremende mbili. Nikashangaa. Shemeji yenu akasema akina mama wa Osaka ndivyo walivyo, wanatembea na peremende za kugawa. "Kauliza nini?" nikasema. "Kauliza kama wewe ndiye mke ambaye mume wake anakula peke yake." Sijui kama kweli alisema hivyo au mwenzangu alitia chumvi. Lakini peremende nilikula.

Kikaango cha huku au cha nyumbani?

Basi vitumbua vile vikanipa wazo. Nikasema nataka kile kikaango. Akanipeleka Doguyasuji, kichochoro chenye paa upande wa kusini, kinachouza vitu vya jikoni tu: visu, masufuria, bakuli, taa za karatasi za kutundika mgahawani, hata vyakula vya bandia vya kuweka dirishani ambavyo ukikaribia mno unaweza kung'ata.

Mimi nikachukua cha chuma kizito, cha kuweka kwenye gesi au hata mkaa. Kugeuka, mwenzangu ameshika cha umeme, kizuri, chekundu, cha kuchomeka ukutani.

Nikamwambia, "Baba, hicho nyumbani kitaungua. Umeme wa huku ni volti 100, wa kwetu 230."

Akajibu haraka, bila kufikiri, "Hiki si cha nyumbani. Ni cha hapa."

Tukanyamaza wote wawili, katikati ya masufuria. Lile jambo tulilolizunguka miezi, likatoka lenyewe kwa mdomo wa kikaango.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaambia wasomaji wangu kitu. Ukitaka kujua mwenzako moyoni anapaita wapi nyumbani, usimuulize. Ukimuuliza atakujibu vizuri. Nenda naye dukani. Mwangalie anachagua kochi la nyumba ipi, sufuria la watu wangapi, shuka za kitanda gani. Mkono unaochagua hauna muda wa kutunga jibu. Mwenzangu hakuwa ananificha kitu. Alikuwa ameshaanza kuishi miaka mitatu ijayo, na mimi nilikuwa naishi kama vile anarudi kesho kutwa. Kila mmoja na nyumba yake kichwani, halafu tunajiita tunaishi pamoja.

Nikamuuliza, "Na katika hicho cha hapa, mimi na mtoto tunakula?" Akasema, "Ndiyo maana nimechukua kikubwa."

Hatukununua chochote dakika ile.

Tamu na chumvi

Giza lilikuwa limeshaingia. Tukarudi nyuma kuelekea Dotonbori, lakini kabla ya kufika kwenye taa akanikatisha kwenye uchochoro wa mawe, Hozenji Yokocho. Ajabu ni kwamba hatua chache kutoka kwenye kelele zile, unasikia maji. Kuna hekalu dogo la Hozenji lenye sanamu ya Fudo, ambayo watu wanaimwagia maji wakiomba, mpaka imefunikwa na kuvu la kijani kama aliyevaa manyoya. Mabomu ya 1945 yaliteketeza karibu hekalu lote, sanamu ikabaki. Mimi nina dini yangu, nikasimama pembeni kwa heshima. Shemeji yenu akanionyesha sarafu wanayoipenda kutoa sadaka, ya yeni tano, yenye tundu katikati. Yeni tano wanaita go-en, na neno hilohilo maana yake nyingine ni uhusiano unaowafunga watu. Akanipa moja niiweke kwenye pochi.

Pembeni ya hekalu kuna kimgahawa kinachoitwa Meoto Zenzai, kilichoanza mwaka 1883. Meoto ni mume na mke. Zenzai ni maharage madogo mekundu yaliyopikwa na sukari, yakitiwa viduara vyeupe vya unga wa mchele. Najua, nilishtuka pia. Kwetu maharage ni kitunguu, nazi na chumvi, sio sukari! Lakini siri iko kwenye kuandaa. Ukiagiza oda moja, ya mtu mmoja, unaletewa mabakuli mawili. Hata uwe peke yako, ni mawili. Mwaka 1940 mwandishi Oda Sakunosuke aliandika hadithi yenye jina hilo, ya mwanamke anayejituma na mwanamume anayetapanya hela anazozichuma, na jinsi wanavyoshikana hivyohivyo. Filamu yake ilitoka 1955. Siku hizi wapenzi wanakwenda pale kwa imani kwamba watakaokula pamoja watadumu.

Tukaagiza oda moja. Kila mtu na bakuli lake. Pembeni kuna kisahani cha mwani wenye chumvi, si kama ule wanaolima akina mama wa Paje, ni aina nyingine. Unakula maharage, utamu unakukaba, unaonja mwani, unaweza kuendelea.

Nikamwambia, "Haya mabakuli mawili hayanitishi. Mimi Dar, wewe hapa, sawa. Ninachotaka kujua, oda ni moja au mbili?"

Hapo ndipo tukaongea. Saa moja na nusu, mpaka mhudumu akaja kuongeza chai mara tatu. Tuliongea hela: mshahara utakuwa kiasi gani, unaokuja nyumbani ni upi, ada ya mtoto, kiwanja tulichokuwa tumelipia nusu. Tuliongea kazi yangu, kwamba siiachi, na kwa nini siiachi. Aliniambia anaogopa kurudi akakaa bila ajira kama wenzake aliowafahamu. Nikamwambia naogopa mtoto atamjua baba kama picha ya kwenye kioo cha simu. Yeye alilia kwanza. Wanaume mnaosoma hapa, hakuna aliyemcheka.

Tulikubaliana mwaka mmoja, si mitatu, na mwaka huo uwe na tarehe ya mwisho tunayoiandika wote wawili. Kampuni ikikataa, anarudi akishahitimu. Na katikati ya mwaka, mtoto na mimi tunakwenda.

Kesho yake tulirudi Doguyasuji tukanunua kikaango. Cha chuma. Si kwa sababu mimi nilishinda, hapana. Cha chuma kinapika popote penye moto.

Kampuni ilikubali mwaka mmoja. Haukuwa mwepesi, na kuna wiki nilitamani kuvunja simu. Lakini tarehe ilikuwepo, na Machi 2025 alitua Dar na masanduku yake yote.

Kwa wewe ambaye mwenzako yuko mbali, iwe Osaka, Muscat au Dodoma: ukipata nafasi ya kumtembelea, usikae ndani mkitazamana. Tokeni. Nunueni kitu kidogo cha jikoni pamoja, mbishane bei, mbishane rangi. Halafu tafuteni pa kukaa, muulizane lile swali la oda. Na ukifika Minami, nenda mchana uone maduka, subiri jioni uone taa, vaa viatu visivyobana, na acha nafasi tumboni.

Tukutane mwezi ujao, tukijaaliwa.